Midomo ya Jenerali Makaa

Mfaranyaki, Songea
9 Februari 2025

Mdogo wangu Careen,

Tumsifu Yesu Kristo. Naanza hivyo ili huyo anayefungua barua zenu huko unovisini, mnakojifunza usista, aone kwamba kaka yako ni mtu wa kanisa. Hujambo? Baridi ya Njombe imekuachia masikio? Mimi ni mzima, kifua tu kinabana kwa kupiga kelele kila siku. Mvua zinanyesha vizuri. Mahindi ya Shangazi Benigna kule Matogoro yamepita kiuno, na ameapa kwamba mwaka huu nguruwe pori wakishuka kutoka msituni watamkuta shambani na panga. Anakusalimu sana. Ana mgeni kwake tangu Noeli, kwa hiyo hatoki kama zamani. Mambo ya kawaida tu, usijali.

Sasa kaa vizuri. Sehemu ya saba ya Damu ya Talisi, ile filamu yetu ya kuchorwa, imefika, ile ya mwisho kabisa! Najua huko hata redio mnawashiwa kwa ruhusa, ndiyo maana nakuandikia. Haiwezekani tuianze wote, wewe na mimi, tukichungulia kwenye matundu ya banda la video tukiwa watoto, halafu niimalize peke yangu nikae kimya.

Unamkumbuka Jenerali Makaa. Jina nilimpa mimi nilipoanza kutafsiri filamu bandani, lile la kwao halitamkiki. Ndiye aliyeichoma sayari ya Talisi na watu wake wote, mkewe akiwemo, akaondoka bila hata kugeuza shingo. Basi huku mwisho meli yake ya angani inaungua. Mwanawe, yule tunayemwita Dogo, amenaswa chumba cha pili. Jenerali anavua ile kofia ya chuma ambayo hajaivua tangu sehemu ya kwanza, anashikilia mlango wa moto kwa mikono mitupu mpaka Dogo anapita. Mlango unajifunga. Yeye amebaki upande wa moto, kioo kiko katikati. Anamtazama mwanawe, midomo inacheza, na hakuna sauti! Wenye filamu yao wameondoa kila kitu, hata muziki. Midomo inacheza weee, halafu moto unamfunika na filamu imekwisha.

Kazi yangu unaijua. Bandani midomo ikicheza lazima niseme kitu, vinginevyo wanapiga kuta na kudai wameibiwa. Nikashika kipaza sauti, nikatoa ile sauti yake nzito, nikasema: "Sijutii hata kidogo. Nenda zako."

Banda lilichafuka! Abdulswamadu, fundi cherehani, alipanda juu ya benchi anapiga makofi. "Safi! Mtu ameunguza sayari nzima, leo afungue mlango mmoja tumpe soda?" Imaculata muuza karanga akamvuta suruali kumshusha, huku ananipigia kelele mimi: "Leo, umemsingizia! Mtu hashiki chuma cha moto kwa mikono halafu aseme hajutii!" Tangu siku hiyo Mfaranyaki imegawanyika. Kwa fundi wanabishana, bombani wanabishana. Wenye simu nzuri wameitafuta ya Kiingereza, wamerudi wanasema ni kweli hakuna neno hata moja, na kwamba huko duniani nako watu wanatoana macho kwa swali hilo hilo. Imaculata hanisemeshi, na karanga ananipimia za mkono wa mtoto.

Wewe ungempa maneno gani? Jibu upesi kabla hawajanichomea banda.

Kaka yako,
Leo

Unovisini, Njombe
16 Machi 2025

Kaka Leo,

Milele amina. Shikamoo. Barua yako ilifika tukiwa mafungoni, na wakati wa mafungo barua zinalala kwa Mama Mlezi, kwa hiyo nimeisoma juzi tu. Mimi sijambo. Tunamenya viazi asubuhi, tunamenya viazi jioni, mikono yangu ukiiona utafikiri ni ya Shangazi. Masikio bado yapo. Msalimie Shangazi, mwambie pilipili alizonipa zimeota na masista wazee wanazisifu huku wanalia.

Nilicheka mpaka mwenzangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Halafu nikafika pale kwenye "sijutii" na kicheko kikaniisha.

Kaka, nimekaa na jambo hili hata kanisani, Mungu anisamehe. Mimi nipo na Imaculata. Siyo kwamba mlango unafuta sayari, haufuti. Abdulswamadu anasema kweli, na watu wa Talisi wana haki ya kumchukia milele. Lakini wewe humtendei haki yule mtu pale kwenye kioo. Tulimuuliza Mama Mlezi juu ya mtu bubu, anaungamaje. Akasema anaungama kwa ishara, kwa macho, kwa mkono, na padri anampokea. Sasa Jenerali mikono yake inaungua. Unataka ishara gani nyingine? Halafu wewe umechukua midomo ya mtu asiye na sauti ukaijaza maneno yako. Ungemwacha kimya. Wangepiga kuta, halafu wangechoka.

Na jambo lingine. Sauti ya Jenerali ni ya Baba. Usikatae. Nimejua tangu siku ya kwanza ulipomtafsiri, kile kikohozi kabla ya kutoa amri, na anavyovuta neno la mwisho. Sikukuambia kwa sababu nilipenda kuisikia. Kwa hiyo ukisema "sijutii" kwa sauti ile, mimi huku namsikia nani?

Mgeni wa Shangazi ni nani? Uliandika nisijali. Ukiniambia nisijali ndipo ninapoanza. Shangazi hajawahi kukaa na mgeni zaidi ya siku mbili, hata dada yake mwenyewe alimfungashia mihogo akamwambia safari njema. Ni nani, Kaka?

Mdogo wako,
Careen

Mfaranyaki
2 Aprili 2025

Careen,

Salamu. Mimi mzima, Shangazi mzima. Mahindi yanakauka, ukungu umezidi, bodaboda zinateleza kama kawaida.

Ndiyo, ni yeye, Hironimus, baba yako.

Alishushwa na lori la mbao kutoka upande wa Tunduru, amelazwa juu ya mkeka. Alikuwa Msumbiji miaka yote hii, au ndivyo dereva alivyosema, maana yeye hawezi kusema. Amepata kiharusi. Upande wa kulia umekufa na sauti imeondoka yote. Yule mwanamke wa Namtumbo alishamwacha zamani. Dereva aliambiwa tu: mpeleke Matogoro kwa Benigna, ni dada yake. Na Shangazi akampokea. Angefanyaje, tumbo moja.

Sikukuambia kwa sababu ulikuwa na amani, na mimi sikuona kwa nini Hironimus aingie hadi huko kwenu akuchukulie na hiyo.

Ulikuwa mdogo, labda hukumbuki. Acha nikukumbushe mimi. Alikuja na gari na vijana wawili, mchana kweupe, mawingu yamefunga. Akapanda juu ya nyumba yetu akaezua mabati, moja moja, akayapanga garini. Alikuwa anakwenda kumwezekea yule mwanamke wa Namtumbo. Mama alisimama uani na kanga mabegani. Majirani wakasema, Hironimus, subiri basi masika yapite. Akakohoa kile kikohozi chake, akasema, "Vyangu nachukua." Jioni mvua ikashuka. Tulilala chini ya turubai la kuanikia tumbaku mpaka wajomba walipokuja, na kifua cha Mama kilikuwa kimeshaharibika. Pasaka hakuiona. Na baba yako hakuja kuzika.

Sasa sikia wanachotaka kwangu. Shangazi amepeleka ujumbe kwa Mjomba Marcelino. Anataka wajomba waje wamsamehe kabla hajafa, la sivyo ukoo wa Mama hautakanyaga msibani, na wamesema hawatakubali azikwe kwenye makaburi alipolala dada yao. Atazikwa kando kama mpita njia. Kwetu unajua ilivyo: mkosaji anasema kosa lake kwa kinywa chake, ndipo aliyekosewa anachota maji mdomoni na kuyapuliza kifuani mwake, yamekwisha. Asipoweza kusema, mtoto wake wa damu anamsemea. Mtoto mwenyewe ni mimi. Shangazi anasema ni bahati, maana sauti ya Hironimus imebaki kwa mtu mmoja tu Songea nzima. Kumbe na yeye alijua.

Nimeenda mara moja. Nilisimama mlangoni, sikuingia. Midomo yake inacheza, Careen. Inacheza kutwa. Akiona mtu tu inaanza. Shangazi akaniuliza, "Anasema nini, Leo? Si ndiyo kazi yako?" Nikamwambia hasemi kitu.

Leo

Unovisini
27 Aprili 2025

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Heri ya Pasaka, ingawa imepita. Barua yako imenikuta jana. Sikuweza kula, nikasema tumbo linauma.

Nakumbuka mabati. Unafikiri sikumbuki? Nilikuwa nimeshika kanga ya Mama kwa nyuma. Nakumbuka sauti ya misumari ikitoka, ile sauti kama mtoto anayelia kwa kuota meno. Mpaka leo fundi akipanda juu ya paa la kanisa hapa mimi huwa naenda bustani ya mbali. Kwa hiyo usinikumbushe, Kaka. Tuko sawa kwa hilo.

Lakini nakuomba msemee. Nakuomba kwa magoti, na huku tunapiga magoti kweli, siyo maneno tu.

Sikuombi umpende. Sikuombi umuite baba mbele ya watu. Nakuomba umpe ile sauti, basi. Wewe umempa Jenerali Makaa miaka yote, mtu wa kuchorwa, aliyeua watu wa kuchorwa. Umekohoa kwa niaba yake na kucheka kwa niaba yake. Huyu ni mtu mmoja mwenye nusu ya mwili, amelala kwa dada yake anacheza midomo, na hakuna mtu chini ya jua anayeweza kumwambia Mjomba Marcelino kilichomo isipokuwa wewe. Akifa hivi, atabaki na lile neno lako la bandani. Ndilo la mwisho lililosemwa kwa sauti yake. Sisi wawili tutalibeba, na mimi silitaki, nakwambia kweli silitaki!

Unaogopa nini? Kwamba hajutii? Hata mimi naogopa hilo. Lakini ukikaa mlangoni hutajua. Ingia, Kaka. Kaa karibu uone midomo.

Usichelewe. Masika yanaisha, barabara ya Namtumbo wanayopitia wajomba imeshapitika, wanaweza kufika.

Wako,
Careen

Mfaranyaki
30 Mei 2025

Careen,

Salamu kwako na kwa wenzako.

Baba hali tena, anatiwa uji kwa kijiko na unarudi. Padri amekuja akampaka mafuta. Wajomba wamesema watakuja wakiitwa, ila hawatakaa kumtazama mtu anayecheza midomo, wanataka kusikia.

Njoo wewe. Nimemuuliza sista wa parokia, amesema novisi ambaye mzazi wake ni mahututi anaruhusiwa, ni kumwambia tu Mama Mlezi. Njombe siyo mbinguni, ni safari ya basi moja. Njoo ukae naye, umsemee wewe, sauti yoyote itatosha. Mimi nimejaribu. Nilikaa kitandani kwake Jumapili, nikamtazama mdomo, na kila nikifungua wangu inataka kutoka ile ile. Sijutii. Nikatoka nje nikakaa kwenye migomba ya Shangazi mpaka giza.

Mbona hujasema lolote kuhusu kuja? Barua yote ile ya magoti, na hakuna hata mstari mmoja.

Leo

Unovisini
20 Juni 2025

Kaka Leo,

Shikamoo. Natumaini hujambo na Shangazi hajambo. Sisi huku tunavuna viazi, vimetoka vikubwa, na baridi imekaza, asubuhi kuna umande mweupe juu ya majani. Sista mmoja mzee alianguka bafuni akavunjika kiganja, tunamhudumia kwa zamu. Juma lililopita tulikuwa na wageni kutoka jimboni. Mwenzangu anajifunza kinanda na anatuchosha.

Kuhusu kuja, mambo ya huku si rahisi kuyaeleza kwenye karatasi. Usiniulize tena, tafadhali.

Kaka, usingoje mtu. Usitafute maneno mazuri, wala usifikirie kama unayaamini. Sema tu alichofanya, jinsi kilivyokuwa. Misumari, mvua, vyote. Mtu akisema kosa lake jinsi lilivyokuwa, bila kujitetea, huko ndiko kutubu, ndivyo tunavyofundishwa. Wewe unajua kosa lenyewe kuliko yeye. Ulikuwepo.

Waite wajomba. Tafadhali. Nimeandika tafadhali mara nyingi kwenye barua hii nikazifuta, lakini ujue zilikuwepo.

Careen

Mfaranyaki
14 Julai 2025

Mdogo wangu,

Salamu. Nilipiga simu ya ofisi yenu na sista aliyepokea akaniahidi kukuambia, kwa hiyo unajua kwamba Baba ametutoka na tumeshamzika. Hukuja msibani pia. Sikulaumu. Au nakulaumu, sijui, nimechoka kiasi cha kutojua. Shangazi amenyoa nywele, anakaa jikoni kwake kutwa. Mahindi wamevuna majirani.

Nataka kukueleza ilivyokuwa, maana watu watakusimulia na watakusimulia vizuri mno.

Barua yako ndiyo iliyonifanya nimwite Mjomba Marcelino. Alikuja na wenzake wawili, wamevaa makoti, wakakaa kwenye viti vya Shangazi bila kuvua kofia. Katekista alikuwepo, majirani walijaa mpaka uani. Imaculata alikuja, na hata Abdulswamadu, ambaye nilimwona amesimama dirishani na tepu yake ya kupimia shingoni. Shangazi akaweka bakuli la maji chini. Mjomba akasema, "Haya. Huyo mtu aseme."

Nikakaa kitandani nikamshika mkono ule mzima. Midomo ilikuwa inacheza, kidogo sana, unaiona ukiinama. Nikainama. Nilimtazama kuliko nilivyowahi kumtazama mtu yeyote, hata kwenye kioo cha video ambako naweza kurudisha nyuma nikatazama tena. Nikawa sina kitu. Kijana mmoja nje akanong'ona, "Mtafsiri kakwama." Mjomba akashika fimbo yake kama mtu anayetaka kuinuka, na Shangazi akanipiga bega kwa ngumi, akasema, "Leo! Sema, mwanangu, anaondoka huyu!"

Ndipo nikakohoa kile kikohozi. Nikasema, kwa sauti yake:

"Ni mimi Hironimus. Niliezua mabati ya nyumba ya Suzana. Mawingu niliyaona. Nilijua mvua itanyesha, na watoto nikawaona wamesimama uani, nikasema vyangu nachukua. Suzana alikufa kwa baridi niliyoiacha mimi. Sikuja kumzika kwa sababu niliogopa kuonana na ninyi. Sina la kujitetea. Shemeji zangu, nisameheni. Wanangu, nisameheni."

Careen, Mjomba Marcelino alivua kofia. Alilia kwa sauti, mzee yule, mabega yanaruka. Alisema, "Ni yeye. Ni Hironimus huyu." Akapiga magoti akachota maji mdomoni, akampulizia kifuani, na wenzake wakafuata. Wanawake wakapiga vigelegele na kulia pamoja. Abdulswamadu aliondoka dirishani, nikamkuta baadaye ameegemea ukuta, tepu ameishika usoni. Imaculata alinikumbatia. Baada ya hapo ndipo Shangazi akamgusa kaka yake shingoni, akasema amekwenda, na wote wakasema amengoja asamehewe ndipo akaenda, tazama Mungu alivyo mwema. Wamemzika pembeni ya Mama. Mjomba mwenyewe alishika jembe.

Hiyo ndiyo watakayokusimulia, na wataapa waliiona.

Sasa hii sijamwambia mtu. Nilikuwa nimemshika mkono, na nilikuwa nimeinama pale pale mdomoni. Midomo ilisimama kabla sijakohoa. Niliona inasimama. Nilisikia mkono unalegea. Alikwisha kuondoka nilipokuwa nimekaa nimekwama, na hakuna aliyejua, maana bandani watu hutazama picha wananisikiliza mimi, lakini siku ile wote walikuwa wananitazama mimi. Wajomba wamempulizia maji maiti. Kila neno lilikuwa la kwangu. Alichokuwa anasema kwa miezi yote ile, kama alikuwa anaomba msamaha, au anaomba maji, au anatutukana, sikukijua, na nilikuwa na nafasi tangu Noeli.

Amelala pembeni ya Mama kwa maneno yangu. Mama hakuulizwa. Nilifanya sawa? Niambie wewe, ndiwe mtu wa Mungu. Bandani wanataka nirudie ile sehemu ya saba, wanasema safari hii nimwache Jenerali atubu. Nimewaambia mashine ni mbovu.

Kaka yako,
Leo

Unovisini
3 Agosti 2025

Kaka Leo,

Shikamoo. Pole sana, na pole tena. Mimi sijambo. Mpelekee Shangazi sabuni niliyoifunga na barua hii, tunaitengeneza wenyewe.

Mimi siye wa kuulizwa kama ulifanya sawa. Mama Mlezi alinipa ruhusa mwezi wa tano, kabla hata barua yako ya kuniita haijafika. Alinipa nauli na mkate wa njiani. Nilikwenda stendi. Basi la Songea likaja, watu wakapanda, kondakta akaniita, "Sista, twende," mara ya kwanza, mara ya pili, nikabaki kwenye benchi nimekumbatia mkate mpaka likaondoka. Nikarudi nikasema limeharibika. Na mwezi uliopita alipokufa akaniambia tena niende, nikasema naumwa. Niliogopa kukaa mbele ya ile midomo. Niliogopa nitaona anajuta kweli, halafu nitalazimika kumsamehe, na mimi sikuwa tayari. Nilitaka umsemee wewe, ili mimi nisamehe kutoka mbali kwa barua, bila kumwona. Kila jioni hapa nasali kuwasamehe walionikosea na sijawahi kumtaja kwa jina, hata mara moja. Nimemwambia Mama Mlezi yote. Nadhiri zangu zimesogezwa mwaka mzima, na mimi ndiye niliyeomba.

Kwa hiyo usijitafune peke yako. Wewe ulichelewa ukiwa umemshika mkono. Mimi nilikuwa stendi.

Desemba wanatupa siku chache za nyumbani. Safari hii nitapanda basi, naapa. Tutakwenda makaburini kwa Mama, na kwake pia. Lakini kabla ya hapo nitapitia Mfaranyaki. Nionyeshe ule mwisho wa Jenerali Makaa, mchana, banda likiwa tupu, sisi wawili tu. Kipaza sauti kiache nyumbani, usinitafsirie. Baba sikumwona. Huyo Jenerali nataka niitazame midomo yake mwenyewe, mpaka isimame.

Mdogo wako,
Careen